Kuchagua Viatu vya Kiangazi Wakati Kisigino Kinauma

Asubuhi moja ya mwezi wa Januari niliteremsha mguu kutoka kitandani, nikakanyaga sakafu ya saruji, na papo hapo nikahisi kama nimekanyaga msumari. Nilishika ukuta, nikainua wayo kuutazama, lakini hapakuwa na mwiba wala jeraha. Baada ya hatua chache kuelekea jikoni maumivu yalipungua, nikayasahau, na jioni, baada ya kusimama mbele ya ubao tangu saa mbili, yakarudi kwa nguvu. Nilifundisha katika hali hiyo kwa wiki sita kabla ya kutafuta matibabu, na katika wiki hizo zote nilifanya kosa ambalo nawaona wengi hapa Kisumu wakilifanya: kwa kuwa jua lilikuwa kali na mguu unauma, nilitafuta kiatu chepesi kabisa, laini kabisa na kilicho wazi kabisa, yaani patapata, nikashinda nazo shuleni na nyumbani. Kila wiki kisigino kilizidi kuwa kibaya.

Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu aliye katika hali hiyo sasa, ambaye hawezi kuvaa kiatu kizito cha kufungwa wakati joto la mchana limepita nyuzi 30, wala hawezi kuendelea kuumia. Kiatu kinachofaa kwa majira haya kipo, na mara nyingi hakina bei kubwa, lakini hakichaguliwi kwa kigezo cha ulaini.

Kwanza ni vizuri kufahamu kinachouma. Maumivu ya chini ya kisigino, hasa yale yanayochoma katika hatua za kwanza za asubuhi au baada ya kukaa kitako kwa muda mrefu, kwa kawaida hutoka kwenye ukanda mgumu wa nyuzi unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kupita chini ya wayo mpaka kwenye vidole. Ukanda huo hulishikilia tao la wayo kama upote unavyoushikilia upinde. Mtu akiwa mzito, akisimama kwa saa nyingi kwenye sakafu ngumu, au misuli ya kigimbi chake ikiwa imekaza, ukanda huo huvutwa kupita kiasi mahali unaposhikana na mfupa. Usiku mguu ukipumzika, vidole huelekea chini na ukanda hulegea katika hali ya kujikunja. Ndiyo sababu unapoamka na kuukanyagia ghafla, unavutwa na kuuma. Ukilielewa jambo hili moja, utaelewa kwa nini kiatu kinachojikunja katikati ni adui yako hata kama kinahisi kama pamba.

Si kila kisigino kinachouma kina tatizo hilo. Maumivu yakiwa nyuma ya kisigino, pale kano nene inayotoka kwenye kigimbi inapoungana na mfupa, kiatu chenye ukingo mgumu wa nyuma kitakusugua na kukuzidishia, kwa hiyo tafuta kilicho wazi nyuma au chenye ukanda laini. Wazee wengine huumia katikati kabisa ya kisigino kwa sababu mto wa mafuta ulio chini ya mfupa umepungua, na hao wanahitaji ulaini zaidi kuliko wengine. Ama ukiwa umeanguka au kuruka kutoka juu na kisigino kikavimba, ukikibana kwa viganja pande zote mbili na kuumia sana, ukihisi ganzi au kuchomachoma, au maumivu yakikuamsha usiku pamoja na homa, acha habari ya viatu na uende hospitali kwanza. Mwenye kisukari naye asijaribu dawa ya viatu peke yake, kwa maana mguu uliopoteza hisia unaweza kuchubuliwa na sandali mpya siku nzima bila mwenyewe kujua.

Kiangazi chenyewe kina mchango wake. Joto huvimbisha miguu, na kiatu kilichokutosha Julai kinaweza kukubana Februari. Isitoshe, katika miezi hii tunavua viatu mlangoni na kutembea pekupeku juu ya vigae na saruji kwa sababu sakafu ni baridi na inapendeza, bila kufikiri kwamba kisigino kinapokea uzito wote bila kinga. Mtu anaweza kuvaa kiatu kizuri kazini kwa saa nane kisha akaharibu kila kitu jioni anapopika akiwa pekupeku.

Jinsi ya kukijaribu kiatu mkononi

Majaribio haya nilifundishwa na tabibu wa viungo, na tangu hapo sijanunua kiatu bila kuyafanya, hata pale muuzaji anaponitazama kwa mshangao. Siku ya kwanza niliyafanyia soko la Kibuye, Jumapili asubuhi, mbele ya mama mmoja aliyekuwa ametandaza sandali za mitumba juu ya turubai la buluu. Alinichagulia jozi ya rangi ya maziwa akaniambia, "Chukua hii mama, ni laini kama mandazi." Niliishika sehemu ya kisigino kwa mkono wa kushoto na ncha ya mbele kwa mkono wa kulia, nikaikunja. Ilijikunja katikati hasa, pale tao la wayo linapokaa, ncha zote mbili zikagusana. Niliirudisha. Sandali inayofaa hujikunja mbele tu, pale vidole vinapokunjika mtu anapopiga hatua, na katikati inabaki imara. Wayo haujikunji katikati unapotembea. Soli ikijikunja hapo, uzito wote wa kulibeba tao unaachiwa ule ukanda unaouma.

Jaribio la pili ni kukisokota. Kishike vilevile, halafu ukizungushe kama unayekamua nguo. Kikisokoteka kwa urahisi, mguu wako nao utayumba ndani na nje kwa kila hatua. Kiatu kizuri hukataa kidogo. La tatu, bonyeza mahali pa kukanyagia kisigino kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote. Panapaswa kubonyea kiasi na kurudi mara moja. Ikiwa kidole kimezama mpaka kikahisi ugumu wa chini, basi uzito wa mwili wako utapaminya kabisa katika muda mfupi na utakuwa unatembea juu ya ubao. Kisha kiweke mahali tambarare, kwa mfano juu ya meza ya muuzaji, na ukitazame kutoka nyuma kwa usawa wa macho. Kikiinamia upande mmoja, kiache, hasa kikiwa cha mtumba, kwa maana kimekwisha kuchukua mwendo wa mtu mwingine.

Baada ya hapo angalia kimo. Hapa watu wengi hudhani kwamba kiatu bapa kabisa ndicho chenye afya, nami nilidhani hivyo. Kisigino kikiwa juu kidogo kuliko sehemu ya mbele, kwa sentimita 1 au 2 hivi, misuli ya kigimbi hulegea, nayo kano ya nyuma huacha kuuvuta mfupa wa kisigino, na ukanda wa chini hupata nafuu. Kikipanda mpaka sentimita 5 na zaidi, faida hiyo hugeuka, kwa kuwa uzito husukumwa kwenye vidole na kigimbi huzoea kuwa kifupi. Kwa hiyo sandali ya kabari ndogo ni bora kuliko sandali bapa, na ni bora mno kuliko kiatu cha mchuchumio cha kwenda nacho harusini.

Jambo la mwisho la kukagua, na kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote, ni ukanda wa nyuma. Sandali isiyoshikwa nyuma hubaki mguuni kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba vidole vinaing'ang'ania. Jitazame unapotembea na ndara: katika kila hatua vidole hujikunja kuizuia isitoke, na misuli ya chini ya wayo hufanya kazi ambayo gidamu peke yake haiwezi kuifanya. Ukanda unaozunguka nyuma ya kisigino, wenye bizimu au kibandiko cha kubandika na kubandua (velcro) kinachoweza kulegezwa mchana mguu unapovimba, huipumzisha misuli hiyo. Ikiwa soli ya ndani ina shimo dogo la kisigino, yaani kingo zake zimeinuka pande zote kama kisahani, chagua hiyo, kwa sababu huyakusanya mafuta ya kisigino chini ya mfupa badala ya kuyaacha yatawanyike. Sehemu ya tao nayo iinuke kiasi cha kugusa wayo wako bila kuusukuma. Ukihisi kama kuna kijiwe, kimo hicho si chako.

Viatu tunavyoviona sokoni

Patapata zinafaa kwenda bafuni na kurudi. Siwezi kusema zaidi ya hapo kwa mtu ambaye kisigino chake kinauma, ingawa najua ni rahisi na zipo kila duka.

Akala zimenishangaza. Zimekatwa kutoka kwenye gurudumu la gari, ni ngumu na bapa, na mtu angedhani ni mbaya kupita zote. Lakini soli yake haijikunji katikati, haisokoteki, na nyingi zina ukanda wa nyuma. Kinachokosekana ni mto wa kisigino, na kitu hicho fundi anaweza kukiongeza. Baba yangu mdogo, ambaye ni mkulima upande wa Ahero, alifanyiwa hivyo na anazivaa mpaka leo.

Viatu vya plastiki laini vyenye matundu, ambavyo kila mtu huviita Crocs hata vikiwa vimetengenezwa na kampuni nyingine, havina jibu moja. Vingine vina soli nene iliyo imara, vikapita majaribio yote, na ukiuvuta ule mkanda wa nyuma ukakishika kisigino, vinafaa sana kwa kazi za nyumbani. Vile vya bei ya chini kabisa hubonyea kama sponji ya kuoshea vyombo. Usinunue kwa kutazama umbo, bonyeza.

Sandali zenye soli ya gome jepesi la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, huletwa na mitumba mara kwa mara, nyingine zikiwa na jina la kampuni ya Birkenstock ya Ujerumani. Soli hiyo hujifinyanga polepole kufuata mguu wa mwenyewe na mara nyingi ina shimo zuri la kisigino. Tahadhari ni kwamba iliyovaliwa sana imekwisha kufuata mguu wa mtu mwingine, kwa hiyo pitisha vidole vyako juu yake, na ukikuta mashimo ya vidole yasiyolingana na vyako, iache hata kama bei inavutia. Ukiipata nzuri, usiianike juani baada ya kunyeshewa, kwa maana gome na gundi yake hukauka na kupasuka. Iache ikauke kivulini.

Kwa mtu anayesimama au kutembea sana, nashauri asizidharau raba za kukimbilia zenye kitambaa cha wavu juu. Si wazi kama sandali, lakini hewa hupita, kisigino kiko juu kidogo, na nyuma pameshikwa vizuri. Nazivaa darasani na soksi fupi za pamba, nikiwa na jozi ya pili ya soksi mkobani ya kubadilisha saa saba. Raba bapa za turubai ni jambo jingine. Hizo ziko karibu na patapata kuliko zilivyo karibu na raba za kukimbilia.

Katika mitumba kuna hatari moja isiyoonekana kwa macho ya haraka. Baadhi ya soli hutengenezwa kwa povu la poliyurethani, ambalo huvunjwa polepole na unyevu pamoja na joto hata kiatu kikiwa kimekaa tu bila kuvaliwa. Kiatu kinaweza kung'aa kama kipya, kisha siku ya tatu soli ikamomonyoka njiani. Ikune soli ubavuni kwa ukucha. Ikitoa unga, ikinata, au ukiona nyufa nyembamba unapoikunja, muda wake umekwisha. Tazama pia mikunjo ya mlalo kwenye ubavu wa soli upande wa kisigino, kwa kuwa hiyo huonyesha povu lililominywa na ambalo halitarudi tena.

Kupima mguu na kuvizoea viatu

Nenda kununua alasiri au jioni, mguu ukiwa umekwisha kuvimba kwa joto. Kabla ya kutoka nyumbani, simama juu ya karatasi ukiwa umeukanyagia mguu kwa uzito wako wote, mtu akuchoree mzingo wake kwa kalamu iliyosimama wima, kisha ufanye hivyo kwa mguu wa pili, kwa sababu miguu hailingani na unapaswa kununua kwa kipimo cha ule mkubwa. Ikate michoro hiyo, uende nayo. Ukiiweka juu ya soli ya sandali, kisigino kikae ndani ya ukingo wa nyuma, na mbele ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi kutoka kidole kirefu. Sandali ambayo kisigino chake kinaning'inia nje, hata kwa upana wa kidole, itakuumiza.

Viatu vipya usivivae kwenda kazini siku ya kwanza. Vivae nyumbani kwa saa moja, kesho yake saa mbili, na uongeze hivyo. Kiatu chenye tao la kutosha huweza kuchosha misuli isiyozoea kushikiliwa, na uchovu huo hupita; lakini maumivu makali ya mahali pamoja hayapiti, na muuzaji mwema atakubadilishia ukirudi mapema.

Kile ambacho fundi anaweza kurekebisha

Si lazima uvitupe viatu ulivyo navyo. Karibu na steji ya Kondele kuna fundi anayekaa chini ya mwavuli, nami nilimpelekea sandali zangu za ngozi zilizokuwa imara lakini bapa, bila ukanda wa nyuma. Nilimwambia, "Fundi, niongezee kisigino kidogo, na unitilie mkanda wa nyuma." Alizigeuza, akazikunja kama nilivyofanya mimi kule Kibuye, akasema, "Hizi zina mgongo, mwalimu. Kiatu kikikunjika kama chapati, hakuna dawa ninayoweza kukitilia." Alibandua soli ya ndani, akakata kabari mbili kutoka kwenye bamba la sponji ngumu ya kutengenezea soli, kila moja ikiwa na unene wa karibu milimita 8 upande wa nyuma. Kisha alitumia kisu kirefu kuuchonga ukingo wa mbele mpaka ukawa mwembamba kama karatasi, akipitisha kidole gumba baada ya kila mkato, ili pasiwe na ngazi ya kuudunga wayo. Alipaka gundi, akaiacha ikauke kidogo, akabandika na kugonga, kisha akairudisha soli ya ndani juu yake. Ukanda wa nyuma aliushona kwa uzi wa nailoni uliotiwa nta. Kazi yote ilichukua muda wa saa moja.

Mambo mawili aliyoyasisitiza yanafaa kushikwa. Kabari itiwe katika viatu vyote viwili hata kama kinachouma ni kisigino kimoja, kwa sababu mguu mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, nyonga na mgongo vitaanza kulalamika. Pili, kabari ikae chini ya soli ya ndani, isibandikwe juu yake, la sivyo itateleza kwa jasho.

Tenga pia jozi moja ya ndani ya nyumba, safi, isiyotoka nje kamwe, uiweke kando ya kitanda pale miguu inapoteremkia. Kabla ya kusimama asubuhi, ukiwa bado umekaa, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako mara kumi polepole, kisha uvae ndipo ukanyage. Jioni, chupa ya maji ya nusu lita iliyogandishwa, ikafungwa kwa kitambaa na kuviringishwa chini ya wayo kwa dakika kumi, hutuliza sana, na katika joto letu ni starehe pia; mwenye ganzi miguuni asiitumie. Na unaposhuka kwenye bodaboda au matatu, usiruke ukaangukia kisigino. Subiri isimame kabisa, utangulize mguu usiouma, ukanyage kwa wayo mzima.

Viatu havitamaliza jambo hili kwa siku chache. Watu wengi hupona bila kufanyiwa upasuaji, lakini huchukua miezi, wengine hata mwaka. Mimi nilianza kuona tofauti katika wiki ya tano, nilipogundua kwamba nimefika jikoni bila kuushika ukuta. Ikiwa umevaa viatu vinavyofaa, nje na ndani, kwa wiki sita na asubuhi zako hazijabadilika, nenda ukamwone mtaalamu wa tiba ya viungo. Hapa Kisumu unaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia. Beba ndani ya mfuko viatu vyote unavyovivaa, hata vile vya zamani vilivyochakaa, usivioshe soli, kwa maana jinsi vilivyolika upande wa nyuma itamwonyesha mtaalamu namna unavyokanyaga.